Kelele za Prosesa Zilizokwenda Kuswali Ijumaa

Nimestaafu wiki iliyopita nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Najua neno kustaafu lina wenyewe. Nililifikiria siku mbili kabla ya kuliandika. Nikajaribu "kuondoka", likanifanya nionekane nimekasirika. Nikajaribu "kumaliza mkataba", likanifanya nionekane nimefukuzwa. Sijakasirika wala sijafukuzwa. Mkataba wangu wa miaka mitatu umekwisha, nakwenda kufundisha, na katika karakana yetu hapa Kihonda anayeondoka huacha maandishi kwenye kauntabuku kubwa kwa ajili ya watakaokalia meza yake. Aliyenitangulia aliandika ukurasa mmoja, na nusu yake ni jinsi ya kuwasha jenereta. Wanaonijua hawatashangaa kwamba mimi nimezidisha.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara nikianza kuuwaza sitafika ukurasa wa pili.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kazi huanza saa mbili. Mlinzi alinionea huruma akanipa kiti. Nikakaa pale nikitazama mawingu yakiteremka Uluguru huku nikiwaza jambo moja tu: bosi nitamwamkiaje? Dada Neema, mwenye karakana, nilikuwa nimemwona mara moja, kwenye usaili. Nilimkadiria miaka thelathini na minane. Nikimpa shikamoo anaweza kudhani namwona mzee. Nisipompa anaweza kudhani sikufunzwa nyumbani. Saa mbili kasorobo akashuka kwenye pikapu, nami nikasimama wima nikasema, "Shikamoo mambo."

Alinitazama kidogo. "Marahaba poa," akajibu, akaingia ndani.

Aliyenipokea mezani ni Mzee Kobelo. Huyu ni Mluguru wa Mgeta, aliyekuwa fundi redio miaka mingi kabla kompyuta hazijazagaa mjini, kisha akajifunza kuandika programu akiwa ameshapata wajukuu. Mpaka leo kila Jumatatu huteremka na karoti au njegere za shambani kwake, na kuzimwaga juu ya meza ya vifaa kana kwamba nazo zinasubiri kutengenezwa.

"Wewe ndiye wa kelele?" aliniuliza.

"Shikamoo mzee. Ndiyo, mimi ndiye wa kelele."

"Marahaba. Mbona unaonekana mkimya?"

Nawaeleza hizo kelele mapema, msije mkapata taabu niliyoipata mimi kwa mama mwenye nyumba wangu, ambaye mpaka leo anasubiri nikaipime baa ya jirani. Karakana yetu hutengeneza mashine za kuchagua mchele. Mchele unateleza kwenye bati lililoinama, kamera inauona ukianguka, na kompyuta inaamua: hii punje nzuri, hiki kijiwe, hii chuya. Kisicho kizuri kinapofika chini, pua ndogo ya upepo inakipiga pumzi moja kikaangukia kwenye gunia la makapi. Kati ya kamera na pua punje inatumia muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kompyuta ikichelewa hata sehemu mbili za elfu za sekunde, pumzi inampata jirani: jiwe linapita, punje nzuri inatupwa.

Prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, huchelewa kwa sababu inaibiwa muda, na wizi huo ndio tunaouita kelele. Kuna wezi wa aina mbili. Wa kwanza ni wastaarabu: mtandao, diski, programu nyingine. Wakitaka kuingia hupiga kengele, na kompyuta huandika nani amekuja na amekaa muda gani. Wa pili hawapigi kengele. Ndani ya ubao mkuu wa kompyuta mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, na hiyo ikijisikia husimamisha kila kitu, hufanya shughuli zake, kisha huondoka. Kompyuta yenyewe haijui kwamba ilisimamishwa. Ni kama mtu aliyezimia katikati ya sentensi, akazinduka na kuimalizia, akashangaa kwa nini wote mmesimama. Hiyo ndiyo kelele ya vifaa, na ndiyo iliyonileta Kihonda.

Kuipima si uchawi. Unaandika programu isiyo na kazi nyingine ila kuangalia saa. Inaangalia, inaangalia tena, inaangalia tena. Kama kati ya kuangalia na kuangalia limepita pengo kubwa kuliko kawaida, basi kuna mtu amepita. Mzee Kobelo aliponieleza hivyo niliona nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii. Kuangalia saa mfululizo na kuingiwa na hofu kila penye pengo ni jambo nililolifanya tangu shule ya msingi, tena bila malipo.

Njia za kupima ni mbili. Ya mlango wazi unawaacha wezi wote waingie, unawaona kwa pamoja. Ya mlango uliofungwa unazima kengele zote, wastaarabu wote wanabaki nje, na pengo lolote utakalolikuta ni la vifaa tu. Ubaya wa kufunga ni kwamba na wewe unabaki nje. Kompyuta zetu ni ndogo. Ukishafunga, skrini haikujibu mpaka kipimo kiishe. Sheria ya Mzee Kobelo ilikuwa fupi: "Funga mlango, uondoke. Nenda kanywe chai." Niliitikia ndiyo mzee, na nikaiandika kwenye daftari, nikaipigia mstari. Kuifuata ni habari nyingine.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Turiani, mashine iliyokuwa ikichelewa kila adhuhuri. Nilipima siku tatu na kuandaa kurasa kumi na moja. Mzee Kobelo akaenda kuiona kwa macho, akakuta sanduku la kompyuta limeegemezwa kwenye ukuta wa bati unaopigwa na jua, na prosesa ilikuwa ikipunguza mwendo ili isiungue. Alilisogeza hatua nne kivulini. Aliporudi alinirudishia kurasa zangu bila kunicheka. "Zihifadhi," alisema, "siku moja tutapata mashine inayosoma."

Kesi ninayotaka kuiandika kwa urefu ni ya Dakawa, mwaka wangu wa pili, wakati wa mavuno. Pale kwenye kinu cha kukoboa mpunga kuna Bi Mwanahawa, msimamizi wa wanawake wanaochambua mchele kwa ungo. Alimpigia simu Dada Neema, na Dada Neema akaiweka simu mezani tusikie wote.

"Mwanangu, mashine yenu ina macho, ila mkono wake mzito," alisema. "Mawe yanapita, mchele mzuri unatupwa. Wanawake wangu wanachambua upya kila gunia. Sasa yenyewe pale inafanya nini, inatupepea?"

"Tunaishughulikia, Bi Mwanahawa."

"Ishughulikieni. Tajiri wa kinu amesema mwisho wa mwezi mje na gari mliondoe hilo feni lenu."

Simu ilipokatika Dada Neema alimgeukia Mzee Kobelo. Programu inayoendesha mashine zetu zote aliiandika mzee huyu, mstari kwa mstari, kwa miaka minne. Dada Neema alimwambia kwa upole, lakini alimwambia: kama tatizo liko kwenye programu, ataagiza nyingine iliyo tayari kutoka nje, ataiweka kwenye kila mashine, na mzee atarudi kwenye kuchomelea waya. Kisha akaniambia mimi, "Idrisa, pima. Nataka kujua ni programu ama ni kompyuta. Ripoti Jumatatu ijayo."

"Apime," alisema Mzee Kobelo. "Mimi nitakaa mbali, asije akanionea haya."

Kompyuta ya Dakawa ililetwa Kihonda, nikaiweka mezani ikiendesha programu ya mzee, na pembeni yake kipimo changu. Nilitaka kufunga mlango. Nasema kweli, nilitaka. Lakini nikawaza: ikigoma kuamka je? Umeme ukikatika siku ya sita je? Nikiwa nimekosea mstari mmoja na nikapima upuuzi wiki nzima je, huku kazi ya mzee inaning'inia hapo? Nikaacha mlango wazi. Wezi wastaarabu ninaowajua nikawazima mmoja mmoja, ili atakayebaki awe programu ya mzee peke yake. Kibodi sikuichomeka kabisa. Ya nini, wakati naweza kuingia kwa mtandao nikiwa nimekaa kwenye meza yangu na kuchungulia tu kama mambo yanakwenda sawa?

Jumatatu nilichungulia mara moja kwa saa. Jumanne kila nusu saa. Kufikia Jumatano nilikuwa nachungulia kila nikikumbuka, na mimi hukumbuka sana. Jumapili nilichungulia nikiwa nyumbani, kwa simu, asubuhi yote nikifua.

Mchoro ulipotoka ulikuwa na vilima vingi visivyo na mpangilio, kila kilima pengo moja. Niliuchunguza nikaona hakuna mwingine wa kulaumiwa. Ripoti yangu ya Jumatatu ilikuwa na sentensi moja iliyokuwa na maana: ucheleweshaji unatokana na programu. Niliisoma mbele ya wote wawili nikiangalia karatasi tu. Dada Neema alishusha pumzi, akasema basi, ataandika barua pepe siku hiyohiyo. Mzee Kobelo hakubisha. Aliomba kitu kimoja, nimchapishie mchoro wote wa siku saba.

Kesho yake nilimkuta amesogeza karoti pembeni na kuutandaza mchoro mezani, ana rula mkononi na penseli sikioni.

"Idrisa, njoo unisomee, miwani yangu imechoka. Hapa vilima vinapokatika ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu mchana."

"Na vinaanza tena?"

"Saa saba na dakika kumi."

"Hiyo Jumatatu. Jumanne?"

Nikasoma. Saa sita na nusu, saa saba na dakika tano. Jumatano hivyohivyo.

"Zinakwenda kula," alisema. "Haya, kelele nazo zina tumbo. Ijumaa?"

Ijumaa vilima vilikatika saa sita na robo, na havikurudi mpaka saa nane kasorobo. Mzee Kobelo akaweka rula chini.

"Mwanangu, programu hii nimeiandika mimi, Mkatoliki wa Mgeta. Ingepumzika Jumapili asubuhi ningeielewa, lakini Jumapili saa ya misa naona imejaa kelele tele. Sasa Ijumaa hii inakwenda kuswali msikiti gani?"

Msikiti ulikuwa ule ninaoswali mimi. Ule mchoro haukuwa wa programu. Ulikuwa wangu. Kila nilipoingia kwa mtandao kuuliza kama kuko salama nilikuwa nabisha hodi, prosesa inaacha kazi yake kuja kunifungulia, na kipimo kinaandika kilima. Wiki nzima nilijipima mwenyewe, kisha nikamwandikia mtu mwingine matokeo.

Kwenye ngazi za kwenda ofisini kwa Dada Neema niliandaa hotuba tatu. Iliyotoka haikuwa hata moja.

"Dada, ripoti yangu si sahihi. Kelele ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Nilikuwa nachungulia."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mchoro, na nadhani alipofika Ijumaa midomo yake ilicheza kidogo. Lakini alichosema hakikuwa mzaha. "Ukiondoa vilima vyako hapa hakuna kitu. Kwa hiyo mwizi hayupo, na mchele wa Dakawa unaruka wenyewe?" Akavuta droo akanionyesha flashi ndogo nyeusi. "Programu ya nje imeshafika. Jumamosi nakwenda nayo kinuni. Mkinionyesha mwizi kabla ya hapo, sawa. Msiponionyesha, nitaiweka."

Niliporudi chini nilimwomba mzee msamaha. Alisema msamaha tutaujadili Jumapili, leo tuna kazi. "Tuiweke kama ilivyokuwa Dakawa," akaagiza. "Kamera, kipanya, kibodi, kila kitu kichomekwe. Wewe ulimpima mgonjwa umemvua nguo zote." Tukachomeka kila kitu. Nikafunga mlango. Ndipo Mzee Kobelo akaichukua simu yangu na kuifungia kwenye droo ya vifaa.

"Nenda kanywe chai."

Nilikunywa vikombe vitatu kwenye kibanda cha nje. Muuza chai aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nilipoitwa ndani, skrini ilikuwa na mstari ulionyooka kama uzi, na juu yake miiba mirefu iliyopangana kwa umbali uleule, kama nguzo za umeme. Kengele hakuna hata moja. Kila mwiba ulikuwa umezidi sehemu mbili za elfu za sekunde.

"Huyo hapo," alisema mzee kwa sauti ya chini, utadhani anaweza kukimbia.

Kumjua anapokaa kulituchukua siku mbili zilizofuata. Tulichomoa kitu kimoja, tukafunga mlango, tukapima, tukakirudisha, tukachomoa kingine. Kipanya, miiba ipo. Kamera, ipo. Kibodi ilipotoka, mstari ukalala. Tukairudisha mara tano ili niamini, kisha mara mbili zaidi ili nilale. Ilikuwa hivi: ubao ule una utaratibu wa kuifanya kibodi ya kisasa ionekane kama ya zamani, kwa faida ya programu za kale ambazo sisi hatuna. Ili kufanya hivyo, programu ya kiwandani kila baada ya muda husimamisha kila kitu, huenda kwenye kibodi kuuliza kama kuna mtu amebonyeza, kisha hurudi. Hakuna aliyebonyeza. Huenda tena. Nakiri niliionea huruma.

Mipangilio ya ubao ilikuwa na mahali pa kuuzima utaratibu huo. Nilimweleza mzee kwamba tukiuzima, huenda kibodi isifanye kazi kompyuta inapoanza kuwaka, maana yake tusiweze kurudi kwenye mipangilio, maana yake kama tumekosea tutakuwa tumekosea moja kwa moja, na kwamba labda kwanza tungepiga picha kila ukurasa, na labda tungetafuta ubao wa pili wa kujaribia, na labda...

"Nimeshabonyeza," alisema Mzee Kobelo.

Kompyuta iliwaka. Tukafunga mlango. Kibodi ikiwa imechomekwa, mstari ulilala.

Jumamosi tulikwenda Dakawa watatu, kompyuta ikiwa mapajani mwangu imefungwa kwa blanketi, Dada Neema kwenye usukani, flashi nyeusi mfukoni mwa blauzi yake. Alikuwa ametuambia wazi kwamba mstari kwenye skrini ni mzuri, lakini mstari hauliwi.

Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo magotini, wanawake wake sita nyuma yake.

"Shikamoo Bi Mwanahawa," tulisema wote, na safari hii hata Dada Neema.

"Marahaba wanangu. Mmekuja kulichukua feni?"

"Tumekuja ulipime kwanza," alisema Mzee Kobelo.

"Kwa mashine gani?"

"Kwa ungo wako."

Hilo lilimpendeza. Aliinuka, akaenda mwenyewe barabarani akarudi na kiganja cha vijiwe, akavitupia kwenye mchele unaosubiri kuchaguliwa, na mwenzake mmoja akaongeza chuya bila kuombwa. Tukawasha. Kompresa ikanguruma, pua za upepo zikaanza kupiga tak, tak-tak, tak. Bi Mwanahawa akakinga ungo kwenye mdomo wa mchele safi mpaka ukajaa. Akarusha, akapepeta, akainamisha, akapitisha vidole. Akafanya upya. Wale wanawake walisogea wakamzunguka, nami nikawa nahesabu vigae vya paa kwa sababu sikuweza kutazama.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?" Dada Neema aliuliza.

"Hakuna jiwe. Hakuna chuya. Unataka nikwambie kwa Kiingereza?"

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Haya, leo limeacha kutupepea," mwingine akamjibu kwamba joto sasa litawaua. Bi Mwanahawa akatangaza kuwa atamwambia tajiri wa kinu mashine ibaki, ila wao watakaa karibu nayo na nyungo zao mpaka waione msimu mzima, maana hata bwana harusi siku ya kwanza huwa na adabu. Dada Neema akaitoa flashi mfukoni, akanikabidhi. "Futa yaliyomo," alisema. "Tutawekea picha za karakana."

Nilimtafuta Mzee Kobelo nimpe mkono. Alikuwa amechuchumaa kwenye gunia la makapi, akimimina kiganjani na kuchambua kwa kidole. Vijiwe, chuya, punje za njano. Kisha akatenga punje moja nyeupe, nzima, akaiinua kwenye mwanga.

Nilimwahi: "Mzee, hiyo labda ni kompresa, imepungukiwa upepo. Ama vumbi kwenye kamera. Ama bado kuna mwizi mwingine ambaye hatuku..."

"Hapana." Aliisogeza karibu na miwani. "Hii ina doa jeupe katikati, unaliona? Kamera imeliona vizuri. Upepo umefika kwa wakati wake. Mimi ndiye niliyeiambia mashine kwamba punje ya namna hii haifai, kumbe inafaa."

Akasimama akijishika kiuno, uso umemng'aa kama mtu aliyempokea mgeni wake kituoni.

"Hili kosa ni langu kabisa," alisema, akavuta kiti na kuisogeza kibodi.